Igombe, miombo, mbuga za mbali au chini ya miembe: kikundi cha kutazama ndege Tabora kiende wapi, na mwezi gani?

Vikundi vingi vipya vya kutazama ndege hapa Tabora hukwama mahali pamoja. Watu wamepatikana, darubini mbili za kuazima zipo, mtu ana kitabu cha ndege cha Afrika Mashariki chenye jalada lililochakaa, halafu swali la "twende wapi" linazua ubishi wa wiki nzima kwenye kundi la WhatsApp. Mmoja anataka bwawani Igombe. Mwingine kaona picha za Ugalla na hataki kusikia kingine. Mhazini anauliza nani atalipia gari, na mwalimu wa shule ya msingi anakumbusha kwamba yeye anakuja na watoto arobaini.

Chaguo zinazopigiwa kura mara nyingi ni nne: mabwawa ya karibu, msitu wa miombo, safari ya mbali ya Wembere au Ugalla, na kubaki mjini. Zote nazipenda, ila si kwa mwezi mmoja wala kwa watu wale wale.

Vitu vya kupima kabla ya kupiga kura

Cha kwanza ni mwezi, na hiki nakipa uzito kuliko vingine vyote. Tabora ina msimu mmoja wa mvua: huanza Novemba, mwaka mwingine mwishoni mwa Oktoba, na kukatika Aprili. Miezi mingine ni kiangazi, chenye baridi ya asubuhi Juni na Julai, na joto la kuchosha Septemba na Oktoba. Ndege hufuata maji, wadudu, matunda na mbegu, na hivyo vyote hubadilika kwa mvua. Kwa hiyo bwawa lililojaa ndege mwezi wa Oktoba laweza kuwapa mandhari nzuri tu mwezi wa Februari.

Cha pili ni idadi ya watu na kelele zao. Kuna mahali watu thelathini hawaharibu kitu, na kuna mahali watu kumi ni wengi mno.

Baada ya hapo ndipo tuulize fedha na usafiri, kibali na tahadhari, na ujuzi wa wanaokwenda. Mtu anayeshika darubini kwa mara ya kwanza anahitaji ndege mkubwa, aliyetulia, mahali peupe. Ukimwanzishia vindege vya hudhurungi vinavyorukaruka kwenye majani, wiki ijayo hatakuja.

1. Mabwawa: Igombe na Kazima

*Kufika na gharama.* Igombe liko kaskazini mwa mji, Kazima liko karibu zaidi. Yote mawili ni safari ya asubuhi moja: bajaji mbili tatu au Noah ya kuchanga, chai ya chupa na maandazi, na kabla ya adhuhuri mko nyumbani. Mkumbuke kwamba jua la Tabora huchomoza baadaye kuliko la Dar es Salaam. Kufika saa kumi na mbili na nusu kunatosha.

*Ndege na miezi yake.* Wakati wake ni Agosti hadi Novemba mwanzoni. Maji yanapungua, kingo za tope zinabaki wazi, na vidimbwi vya porini vimekauka, kwa hiyo ndege wa maji wa eneo zima wanakusanyika palipobaki maji. Mtawaona yangeyange, mnandi wakianika mabawa juu ya visiki, bata bukini, bata-miti wanaopiga mluzi wakiruka kwa makundi, na yule ndege wa vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi kana kwamba ni sakafu. Furukombe akilia, hata aliyeletwa kwa kuburutwa hunyanyua kichwa. Kuanzia Agosti huanza pia kuingia chamchanga kutoka Ulaya na Urusi, wanaodokoa topeni wakitikisa mkia.

Kwa mwanafunzi wa kwanza, hakuna mwalimu mzuri kama mdiria mweusi-mweupe. Hana haja ya kutafutwa. Husimama hewani mita chache juu ya maji, mabawa yakipiga kwa kasi, kichwa kimetulia tuli na mdomo umeelekea chini, kisha anajitupa. Akikosa, anapanda tena na kuanza upya hapo hapo, kwa hiyo hata darubini ikiwa moja, kila mtu atapata zamu.

Mvua zikishika, wengi huondoka. Wanahamia kwenye majaruba ya mpunga na madimbwi ya muda, ambako chakula ni kingi na bughudha ni chache.

*Ukubwa wa kikundi.* Watu ishirini hadi thelathini hawana shida, mradi wakae sehemu moja badala ya kuuzunguka ukingo wote. Ndege wa maji wanazoea watu waliotulia; wanachokimbia ni watu wanaowafuata.

*Kibali na tahadhari.* Haya ni mabwawa yaliyojengwa kwa maji ya kunywa ya mji, kwa hiyo anzeni kwa barua fupi kwa mamlaka ya maji, TUWASA, na mkifika jitambulisheni kwa mlinzi. Msiingie majini: kichocho ni sababu tosha, na kuhusu mamba waulizeni wavuvi wa hapo, ndio wanaoyajua maji yao. Kofia ni lazima, kivuli ni haba.

*Inawafaa nani.* Wanaoanza, shule, na kikundi kinachotaka kuhesabu. Kila Januari hufanyika hesabu ya kimataifa ya ndege wa maji, na bwawa dogo linalohesabiwa kwa njia ile ile kila mwaka lina faida kuliko bwawa kubwa lililohesabiwa mara moja. Ila Januari si mwezi wenye ndege wengi hapa, kwa hiyo mkihesabu mara moja tu kwa mwaka msikate tamaa kwa namba ndogo. Ongezeni hesabu yenu ya Oktoba mlinganishe.

2. Msitu wa miombo

Hapa nitakaa kidogo, maana miombo ndiyo Tabora yenyewe, na ndiyo chaguo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Watu huenda mara moja, wanatembea saa nzima bila kuona ndege, wanarudi wakisema msitu umekufa.

*Kufika na gharama.* Miombo haiko mbali na mtu yeyote hapa. Kuna misitu ya hifadhi pande kadhaa za mji, Urumwa ikiwa mmojawapo, na misitu ya vijiji kwenye njia za kwenda Sikonge na Urambo. Gharama ni nauli na posho ya mwenyeji atakayewaongoza. Posho hiyo msiibanie. Bila mwenyeji, miombo ni miti inayofanana kila upande.

*Ndege na miezi yake.* Ndege wa miombo hutembea kwa makundi ya mchanganyiko. Mnaweza kupita kimya kizito, majani makavu tu chini ya viatu, kisha ghafla mti mmoja unajaa: mramba mweusi mwenye mkia wa panda juu kabisa akipiga kelele, kigogota kwenye gome, vipwe wenye macho ya rangi ya njano wakipita tawi kwa tawi kama familia, zuwakulu, kirumbizi wa manjano, na vidogo vingine vitatu vinne ambavyo hakuna atakayekubaliana na mwenzake ni nini. Dakika tano, wamepita. Siri ni kutowakimbilia. Simameni, mwangalie wanaelekea wapi, muwatangulie kwa mbali kidogo, msubiri wawafikie.

Mwezi bora ni Septemba na Oktoba. Miombo huchipua majani mapya kabla ya mvua, mekundu na ya rangi ya shaba, viwavi wanajaa, na ndege wengi wanaokula wadudu wanajenga viota wakati huo. Miti bado haijafunga, kwa hiyo mnaona. Kiza kikiingia, kuna ndege wa usiku wa jamii ya kirukanjia ambaye dume lake, msimu wa kuzaliana, huota unyoya mrefu mweupe kila bawa, ukipepea nyuma yake kama utepe. Huonekana robo saa hivi baada ya jua kuzama, juu ya njia au uwazi. Ukimwonyesha mtu huyo ndege, umempata kwa maisha yake yote.

Mvua zikikaribia, kekeo kifua-chekundu huanza wimbo wake wa sauti tatu, asubuhi hadi jioni, na kumwona ni kazi. Desemba hadi Machi majani yamefunga, nyasi zimepanda hadi kifuani, na mnategemea masikio zaidi ya macho. Juni na Julai msitu ni mkavu, mtulivu, rahisi kutembea, lakini mwendo ni wa polepole. Agosti mioto huwa mingi; mkiona moshi mbele, badilisheni njia.

Wajerumani waliokusanya ndege huku miaka ya 1880, Richard Böhm akiwa mmoja wao, waliacha alama: kuna shore-nzi wa miombo anayebeba jina lake hadi leo, na kuna kindege cha nyasi chenye mkia mwembamba mrefu ambacho vitabu vya Kiingereza vimekipa jina la Tabora. Kitafuteni penye nyasi katikati ya miti iliyoachana. Kwa macho si kitu cha kutisha, ila ukiwa mwenyeji wa hapa, kukikosa ni aibu kidogo.

*Ukubwa wa kikundi.* Sita hadi nane. Wakizidi hapo wagawanywe, kila kundi na njia yake. Hili halina mjadala.

*Kibali na tahadhari.* Msitu wa hifadhi una mwenyewe: TFS, yaani wakala wa misitu wa serikali, au halmashauri. Msitu wa kijiji unaombwa kwa mwenyekiti na afisa mtendaji. Anzeni kwa wazee, "mwangaluka", salamu ya Kinyamwezi ya asubuhi, kwanza, darubini baadaye. Mbung'o wapo sehemu nyingi, nao hupenda nguo za bluu iliyokolea na nyeusi. Vaeni kaki au kijani kilichofifia, mikono mirefu. Angalieni mizinga iliyotundikwa mitini: msipite chini yake, msipake manukato, na msipige miti.

Mkiweza, tafuteni mrina asali wa kuwaongoza, au wanafunzi wa Chuo cha Ufugaji Nyuki kilichopo hapa Tabora. Mrina anamjua mlembe, yule ndege anayeita na kumtangulia mtu hadi kwenye nyuki, kwa namna ambayo kitabu hakifundishi. Anaisikia sauti yake wakati ninyi bado mnabishana kama ni ndege au mjusi.

*Inawafaa nani.* Wenye subira, waliokwisha kuona ndege wa bwawani na sasa wanataka kazi. Haiwafai watoto wadogo, isipokuwa mtoto ameomba mwenyewe kuja.

3. Mbali: Wembere na Ugalla

*Kufika na gharama.* Hizi ni safari mbili za tabia tofauti. Mbuga ya Wembere iko upande wa Igunga. Barabara kuu ya lami ya kwenda Singida inaikata kabla ya kupanda mlima Sekenke, kwa hiyo hata basi linakufikisha jirani. Ugalla ni upande mwingine kabisa, magharibi na kusini mwa mkoa, na tangu 2019 ni hifadhi ya taifa chini ya TANAPA. Huko mnahitaji gari la juu, mafuta ya kutosha, kiingilio, na mahali pa kulala. Mhazini wenu aanze kuchangisha miezi mitatu kabla.

*Ndege na miezi yake.* Wembere ni ya maji ya mvua. Mbuga ikifurika, takriban Januari hadi Mei, ndege wa maji huingia kwa wingi unaokatisha hesabu: makorongo, kwarara, mwari, bata wa kila aina. Tatizo ni kwamba wakati huo huo udongo mweusi wa mbuga hushika magurudumu kama gundi, kwa hiyo mnatazama kutoka kwenye lami na matuta, si katikati.

Ugalla ni kinyume chake. Kiangazi kikikaza, Julai hadi Oktoba, mto hukatika na kubaki mabwawa, na kila kinachokula samaki kinakuja hapo. Mto huu ni sehemu ya ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, ya kwanza Tanzania kuingizwa kwenye Ramsar, orodha ya kimataifa ya ardhioevu muhimu, mwaka 2000, yenye zaidi ya kilomita za mraba 32,000. Ndimo anamoishi yule korongo mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu cha mbao. Msimwahidi mtu kwamba mtamwona. Anaishi ndani ya mafunjo, na kikundi kilichosafiri kwa ajili yake peke yake hurudi na manung'uniko.

*Ukubwa wa kikundi.* Ugalla ni idadi inayoingia kwenye magari yenu. Wembere, basi dogo zima linawezekana.

*Kibali na tahadhari.* Ugalla kuna simba, tembo na nyati; hamshuki kwenye gari bila askari wa hifadhi. Mbung'o wa huko wasimulie wengine.

Wembere shida ni ya aina nyingine. Ni nchi ya wakulima na wafugaji, na wakulima wa mpunga na mtama wana ugomvi wa miaka mingi na kwelea. Mkitokeza na darubini mashambani, swali la kwanza ni moja.

"Nyie ni wa kilimo? Mmeleta dawa ya kwelea?"

"Hapana mzee, shikamoo. Tunaangalia ndege tu."

"Marahaba. Mnaangalia tu?"

Jibuni kwa heshima, mweleze kwamba mnaandika aina zote, wabaya na wema, na mumpe darubini atazame. Mara nyingi yeye ndiye atakayewaonyesha mahali makorongo wanapolala.

*Inawafaa nani.* Kikundi kilichokwisha kukaa pamoja mwaka mmoja hivi na kinajua nani analipa kwa wakati. Kama safari ya kwanza ya kufahamiana, siishauri.

4. Mjini: uani, shuleni, chini ya miembe

Chaguo hili hupata kura chache kwa sababu halina safari. Nadhani linaonewa.

*Kufika na gharama.* Hakuna. Viti vya plastiki, daftari, kalamu.

*Ndege na miezi yake.* Huu ndio mpango pekee kati ya minne unaoendelea mwaka mzima bila kuvunjika. Shore, pasa, chozi kwenye maua, mnana wakisuka viota kwenye minazi na mitende, mwewe juu, kunguru mwenye kifua cheupe akiiba kila kitu. Miembe ya Tabora ikianza kuiva, Novemba hadi Januari, walaji wa matunda wanakuja wenyewe. Mbayuwayu wa Ulaya wanajipanga kwenye nyaya za umeme kuanzia Oktoba na kuondoka Machi na Aprili. Dudumizi anasikika kwenye vichaka vya mabondeni. Na pembezoni mwa mji, kwenye majaruba, kweche dume ambaye kiangazi kizima alikuwa kahawia asiyetazamwa na mtu, huvaa nyekundu mvua zikikolea. Fumbwe naye anaota mkia unaomzidi mwili. Mtoto aliyemwona kweche Septemba na kumwona tena Machi amejifunza kitu ambacho safari moja ya bwawani haiwezi kumpa.

*Ukubwa wa kikundi.* Wowote. Darasa zima la watoto arobaini linagawanywa mti kwa mti, dakika kumi na tano kila kundi, kisha wanalinganisha.

*Kibali na tahadhari.* Shuleni ni ruhusa ya mwalimu mkuu. Mjini jambo kubwa ni moja: Tabora ina kambi za jeshi na uwanja wa ndege, na darubini ikielekezwa huko hakuna atakayesikiliza habari za mnana. Chagueni upande mwingine wa mji.

*Inawafaa nani.* Wazee, wenye watoto wadogo, watu wa kazi za zamu, na yeyote anayetaka kumbukumbu za mwezi kwa mwezi. Orodha kama hizo ndizo zinazohitajika na Tanzania Bird Atlas, mradi wa ramani za ndege wa nchi nzima, na hata kwenye eBird, tovuti ya kimataifa ya kumbukumbu za ndege, orodha ya uani yenye tarehe, saa na idadi ina thamani sawa na ya hifadhini.

Kwa hali yenu

Mkiwa na shule au kikundi kikubwa cha vijana wa kanisani au msikitini, anzeni mjini kwa vipindi viwili vitatu, kisha Igombe Septemba au Oktoba. Jumamosi ya pili ya Oktoba ni Siku ya Ndege Wahamao Duniani, na inaangukia vizuri kabisa: bwawa limepungua, wageni wa Ulaya wameanza kufika, mvua bado. Jumamosi ya pili ya Mei huadhimishwa pia, lakini wahamiaji hao hapa wameshaondoka. Siku hiyo itumieni kwa ndege wakazi.

Mkiwa watu wachache wenye hamu ya kujifunza kwa kina, miombo, Septemba na Oktoba, asubuhi mbili na jioni moja. Msipange Februari halafu mkalalamikia majani.

Mkiwa na fedha na gari kiangazi, Ugalla. Mkiwa na fedha kidogo na mvua imenyesha vizuri Igunga, Wembere kwa basi, kurudi kesho yake.

Kama mwenzenu mmoja hawezi kutembea mbali, Kazima penye kivuli, au uani kwake, na ninyi mwende kwake.

Mkiwa mmegawanyika nusu kwa nusu, msilazimishe kura moja ya mwaka. Mjini kila mwezi, bwawa Oktoba na Januari, miombo Septemba, safari ya mbali mara moja kwa watakaoweza kulipa. Na kama mmepanga Wembere Machi na mvua imepiga tangu usiku wa manane, igeuzeni iwe ya miembe. Ujumbe utumwe saa kumi na moja alfajiri, kabla mwenye Noah hajawasha gari na kuanza kudai mafuta.